Bawabu wa Kompyuta: Kuingia Bila Kuulizwa Neno la Siri

Wasomaji wengi wa jarida hili wameiona Milima ya Uluguru kwa mbali, wakipita Morogoro kwa basi au kwa gari moshi, wingu likiwa limeukalia mlima Bondwa kama kofia. Wingu hilo si pambo. Upande wa mashariki wa milima, unaotazama Bahari ya Hindi, hupata mvua nyingi kuliko upande wa magharibi, na maji yanayoteremka kutoka katika misitu ile huujaza Mto Ruvu, ambao ndio chemchemi kubwa ya maji ya wakazi wa Dar es Salaam na ya watu wengi wa Pwani. Anayepima mvua ya Uluguru, hata akiwa mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, hapimi jambo dogo.

Miaka michache iliyopita, mimi pamoja na walimu wa sayansi wa shule moja ya sekondari iliyo upande huo wa mashariki tulifunga kipima-mvua kinachojiandikia chenyewe. Chombo kilikuwa cha kawaida: faneli, na chini yake vindoo viwili vilivyoungana mfano wa pembea. Kindoo kimoja kikipokea maji yaliyo sawa na milimita 0.2 ya mvua huinama, humwaga, na kumwachia mwenzake nafasi. Kila vinapoinama, sumaku ndogo hupita mbele ya swichi, na swichi hupeleka ishara kwa waya hadi katika kompyuta ndogo iliyomo ndani ya ofisi ya maabara. Mvua ya milimita 40, ambayo katika masika ya huko haimshangazi mtu, ni sawa na vindoo kuinama mara 200.

Kompyuta yenyewe ilikuwa Raspberry Pi, yaani kompyuta nzima iliyojengwa juu ya ubao mmoja wa saketi, na ukubwa wake ni kama wa kadi ya benki. Aina hii ilianza kuuzwa tarehe 29 Februari 2012. Walioibuni, katika mji wa Cambridge, Uingereza, walikusudia kuwapatia vijana mashine ya bei nafuu ya kujifunzia kuandika programu. Mfumo wake endeshi, ambao ni wa jamii ya Linux, hukaa katika kadi ya kumbukumbu isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Aidha, mashine hii haingoji kubonyezwa kitufe: ikipata umeme tu, huamka.

Sifa hiyo ya mwisho ndiyo iliyotupumbaza. Mwezi wa Aprili, shule ikiwa imefungwa kwa likizo fupi, umeme ulikatika usiku mmoja wa mvua kubwa, ukarudi kabla ya mapambazuko. Kompyuta iliamka kama ilivyotazamiwa. Nilipopanda mlimani siku 11 baadaye na kuwasha skrini, nilikuta mstari mmoja tu wa maandishi, unaoishia kwa neno “login:”, na alama ndogo ikipepesa mbele yake. Mashine ilikuwa inangoja mtu ataje jina lake. Ilikuwa imengoja hivyo siku zote 11, mvua ikinyesha nje, vindoo vikiinama na kuinuka, wala hakuna tone hata moja lililoandikwa. Wanafunzi ambao kwa kawaida husoma kipima-mvua cha mkono kila siku saa 3 asubuhi walikuwa makwao. Katika daftari la mvua la mwaka ule limebaki pengo, tena katikati ya masika, na hakuna hila yoyote ya hesabu itakayolijaza.

Katika miaka niliyosoma ng'ambo sikumbuki kuona umeme ukikatika katika maabara, na kwa hiyo jambo hili halikuwahi kunijia akilini. Nitaeleza hapa jinsi tulivyolirekebisha, na pia kosa la pili tulilolifanya tulipokuwa tukirekebisha la kwanza. Kosa hilo la pili ndilo lenye mafunzo zaidi.

KWA NINI KOMPYUTA HUULIZA JINA

Mwanafunzi aweza kuuliza: kompyuta isiyo na mtu, iliyofungiwa chumbani, yahitaji jina la nani? Jibu limo katika historia. Kompyuta za kwanza zilikuwa chache na za bei kubwa mno. Ile ya kwanza nchini mwetu ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Na mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta kutoka nje, marufuku iliyodumu kwa miaka kadhaa. Mahali popote penye mashine ya namna hiyo, mashine moja ilibidi iwatumikie watu wengi.

Mwaka 1961, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walionyesha mfumo ulioitwa CTSS, ambao uliwawezesha watu kadhaa kuitumia kompyuta moja kwa wakati mmoja, kila mtu akidhani ni yake peke yake. Kwa kuwa kila mtu alikuwa na kazi zake zilizohifadhiwa humo, ilibidi mashine ijue ni nani aliyeketi mbele yake, na hapo ndipo neno la siri lilipoingia katika kompyuta. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, wa maabara za kampuni ya Bell, walianza kuutengeneza mfumo wa Unix, nao ukaurithi utaratibu huo. Watumiaji wake waliketi mbele ya teleprinta, mashine zilizopiga chapa kwenye karatasi na kuunganishwa na kompyuta kwa waya. Linus Torvalds alipoanza kuandika Linux mwaka 1991, akiwa mwanafunzi mjini Helsinki, aliufuata mfano wa Unix, na hata leo kila skrini ya amri katika Linux huitwa “tty”, kifupi cha jina la Kiingereza la teleprinta.

Hivyo basi kompyuta yetu ya Uluguru, yenye ukubwa wa kadi, ilikuwa ikitenda kana kwamba ni mtambo mkubwa wenye foleni ya watumishi mlangoni. Haikuwa imeharibika hata kidogo, bali ilifanya ilivyofundishwa.

TANGU UMEME HADI SWALI

Ili kuondoa kikwazo ni lazima kwanza tujue kiko wapi. Umeme ukiingia, programu fupi iliyomo katika ubao wenyewe huamka, huitafuta kadi ya kumbukumbu, na kupakia kiini cha Linux. Kiini huvitambua viungo vya mashine, mathalani kumbukumbu, kibodi na mtandao. Kikimaliza huanzisha programu moja tu, ambayo hupewa namba 1, na ambayo katika Linux nyingi za siku hizi ni ile iitwayo systemd. Hiyo ndiyo mama wa programu zote zitakazofuata. Husoma orodha ya huduma zinazotakiwa, kisha huzianzisha, nyingi kwa pamoja.

Jambo la kushika hapa ni kwamba mpaka hatua hii hakuna mtu aliyeulizwa neno lolote. Mashine iko macho na huduma zake zinafanya kazi. Mojawapo ya huduma hizo ni bawabu. Jina lake ni getty, na kazi yake ni kukaa kwenye mlango mmoja na kumngoja mgeni. Mlango wa kwanza wa skrini na kibodi huitwa tty1, wa pili tty2, na kwa desturi huendelea hadi tty6. Mgeni akitaja jina, bawabu humkabidhi kwa programu nyingine, iitwayo login, ambayo humwuliza neno la siri. Neno hilo halikuhifadhiwa popote kama lilivyo. Kilichohifadhiwa ni zao la hesabu iliyofanywa juu yake, hesabu ambayo ni rahisi kwenda mbele na vigumu mno kurudi nyuma; login huirudia hesabu ile ile na kuyalinganisha mazao mawili. Yakiwa sawa, mgeni huingizwa ndani na kupewa programu ya kupokea amri zake.

Programu yetu ya mvua nilikuwa nimezoea kuianzisha kwa mkono, baada ya kuingia. Kwa maneno mengine, niliiweka nyuma ya bawabu. Bawabu asipopata mgeni, nayo haianzi.

KUMWAMBIA BAWABU ASIULIZE

Dawa iliyo karibu zaidi, na ndiyo tuliyoishika siku ile, ni kumwamuru bawabu wa mlango wa kwanza asiulize kitu. Katika Raspberry Pi jambo hilo hufanywa kwa menyu inayofunguliwa kwa amri hii:

sudo raspi-config

Chagua “System Options”, kisha “Boot / Auto Login”. Hapo “Console Autologin” maana yake mashine ijiingize yenyewe katika skrini ya amri, na “Desktop Autologin” ijiingize katika skrini ya madirisha. Katika matoleo mapya uchaguzi wa aina ya skrini na uchaguzi wa kuingia vimetenganishwa, lakini maneno “Auto Login” yamebaki. Ukimaliza, kubali mashine iwashwe upya.

Mwalimu atakayewaonyesha wanafunzi menyu hiyo peke yake atakuwa amewafundisha kubonyeza tu. Inafaa waone kinachoandikwa nyuma yake, hasa kwa kuwa kompyuta ndogo za aina nyingine huenda zisiwe na menyu hiyo. Katika Linux yoyote inayotumia systemd, toa amri hii:

sudo systemctl edit getty@tty1.service

Katika ukurasa utakaofunguka andika mistari mitatu ifuatayo, ukiweka jina la akaunti yako mahali palipoandikwa mwalimu:

[Service]
ExecStart=
ExecStart=-/sbin/agetty --autologin mwalimu --noclear %I $TERM

Mstari wa kwanza wataja sehemu inayorekebishwa. Wa pili huonekana kama kosa la mpiga chapa, nao ndio wanaousahau watu wengi. Maana yake ni “futa amri ya kuanzisha iliyokuwapo”. Usipouandika, systemd itakuta amri mbili za kuanzisha, ile ya zamani na hii yako, na kwa huduma ya namna hii amri mbili hazikubaliwi. Bawabu hataanza kabisa. Mstari wa tatu ndio amri mpya. Alama %I hubadilishwa kuwa jina la mlango, yaani tty1. Na neno “--autologin” humwagiza bawabu amwambie login kwamba mgeni huyu ni mwalimu, na kwamba amekwisha kutambuliwa.

Tazama vizuri kilichotendeka. Bawabu hakuondolewa wala neno la siri halikufutwa, isipokuwa bawabu wa mlango mmoja amepewa jina la kutaja kwa niaba ya yeyote atakayetokea. Wanafunzi waweza kulithibitisha hilo kwa majaribio matatu yasiyo na gharama. Waandike “exit” katika tty1: watatolewa, na papo hapo wataingizwa tena. Wabonyeze vitufe vya Ctrl, Alt na F2 kwa pamoja: watafika tty2, na huko wataulizwa jina na neno la siri kama kawaida. Wajaribu kuingia kutoka katika kompyuta nyingine kwa mtandao, kwa njia ya ssh: wataulizwa pia. Majaribio hayo yana faida nyingine. Ukikosea tahajia ya jina la akaunti katika mstari wa tatu, mlango wa kwanza utakataa kukuingiza, na hapo tty2 ndiyo itakayokuokoa.

Hatari yenyewe iko mahali pengine. Kwa miaka mingi akaunti ya kwanza katika Raspberry Pi imekuwa ikipewa ruhusa ya kutumia neno “sudo”, ambalo humfanya mtu kuwa mkuu wa mashine yote, pasipo kuulizwa neno la siri tena. Ukiunganisha ruhusa hiyo na mlango usiouliza, basi mtu yeyote anayeweza kuchomeka kibodi ni mkuu wa mashine. Hata watengenezaji waliuona udhaifu wa jinsi hii upande wao: mpaka mwaka 2022 kompyuta hizi zilitoka na mtumiaji mmoja aitwaye pi, na neno lake la siri lilikuwa raspberry, dunia nzima. Mwezi wa Aprili wa mwaka huo utaratibu huo ukaachwa, na sasa kila mtu hutakiwa kuchagua jina lake mwanzoni.

MVUA ILIYONYESHA MARA MBILI

Baada ya mashine kujiingiza yenyewe, ilibaki programu ya mvua nayo ianze yenyewe. Nilifanya kama wanavyofanya wengi. Liko faili liitwalo .bashrc, ambalo husomwa kila mara mtumiaji anapofunguliwa skrini ya amri. Mwishoni mwake niliongeza mstari wa kuianzisha programu, na alama ya kuifanya iendelee kufanya kazi nyuma ya pazia. Tukaikata mashine umeme, tukaurudisha, na programu ikaanza bila mtu. Nikateremka mjini nimeridhika.

Kwa wiki mbili niliikagua kazi kwa mtandao, nikiwa ofisini Morogoro. Kisha mwanafunzi mmoja wa kike wa Kidato cha Tatu, mwenye zamu ya kipima-mvua cha mkono, alinijia nilipopanda shuleni. “Shikamoo Mwalimu,” akasema, “mbona mashine yetu inanyeshewa peke yake?” Akanifungulia daftari. Asubuhi moja chombo cha mkono kilikuwa kimesoma milimita 22, na mashine 44. Siku iliyofuata mkono 9, mashine 18. Baadaye kidogo mkono 15, mashine 45.

Yeye mwenyewe alikuwa amekwisha kuona kwamba uwiano ni namba kamili, mbili na baadaye tatu, jambo ambalo upepo au uchafu katika faneli hauwezi kulileta. Tuliketi kuitazama orodha ya programu zilizokuwa zikifanya kazi, tukakuta nakala tatu za programu ya mvua. Sababu ilikuwa mimi. Faili .bashrc halijali mlango alioingilia mtu; kila nilipoingia kwa mtandao ili kukagua, lilisomwa tena, na nakala mpya ya programu ikaanzishwa. Nilipotoka, nakala ile ilibaki. Zote zilisoma swichi moja na kuandika katika faili moja. Kwa hiyo ukaguzi wangu wa kwanza uliizidisha mvua ya Uluguru kwa mbili, na wa pili ukaizidisha kwa tatu. (Nyingine katika maktaba za programu za siku hizi huikataa nakala ya pili isiiguse pini iliyokwisha kushikwa, yetu haikukataa.)

Huenda msomaji akaona kwamba kosa hili ni la kuchekesha tu. Lakini fikiria kama chombo cha mkono kisingekuwapo. Tungeweka katika daftari takwimu safi, zisizo na pengo, zenye kupanda na kushuka kama mvua ya kweli, nazo ni za uongo. Pengo la siku 11 angalau linaonekana.

KAZI ISIYOHITAJI MTU

Hapo ndipo nilipolazimika kujiuliza swali ambalo ningalipaswa kuanza nalo: je, programu ya mvua inamhitaji mtumiaji aliyeingia? Haimhitaji. Haina skrini wala haiulizi mtu kitu. Tulikwisha kuona kwamba namba 1 huanzisha huduma kabla ya bawabu kumwona mgeni yeyote, na programu ya mvua ni ya jamii hiyo. Mahali pake ni miongoni mwa huduma, mbele ya bawabu, na kwake suala la kuingia kwa neno la siri au bila neno la siri halipo.

Tulifungua akaunti maalumu kwa ajili yake, ya aina ambayo haiwezi kuingiwa na mtu yeyote, na tukairuhusu isome pini za kompyuta:

sudo adduser --system --group mvua
sudo adduser mvua gpio

Kisha tukaandika faili /etc/systemd/system/kipimamvua.service lenye maneno haya:

[Unit]
Description=Kipima-mvua cha shule

[Service]
User=mvua
StateDirectory=mvua
ExecStart=/usr/bin/python3 /opt/mvua/kipima.py
Restart=always
RestartSec=5

[Install]
WantedBy=multi-user.target

Mstari wa “User” waeleza kwamba programu itatenda kwa jina la mvua, si kwa jina la mkuu wa mashine. Ikikosea, madhara yake yatakuwa madogo. “StateDirectory” huiandalia ghala lake, /var/lib/mvua, ambamo itaandika hesabu. “Restart” na ufuatao huagiza kwamba programu ikianguka kwa sababu yoyote, ngoja sekunde 5 kisha uiinue. Mstari wa mwisho huiingiza katika orodha ya kazi za kila mashine inapoamka. Baada ya hapo:

sudo systemctl daemon-reload
sudo systemctl enable --now kipimamvua

Mstari wangu katika .bashrc ukafutwa. Tangu hapo ikaguliwe mara ngapi, nakala ni moja tu, kwa kuwa systemd haianzishi huduma iliyokwisha kuanza.

Je, ina maana kwamba kujiingiza bila neno la siri hakuna kazi? La, hasha. Kuna kazi ambayo inamhitaji mtu mbele ya skrini, ila haina haja ya kumjua. Katika shule ile ile, kona moja ya maktaba iliwekwa kompyuta ya pili ya aina hiyo hiyo, yenye kamusi na ensaiklopidia za kusomwa pasipo intaneti. Shule kadhaa za sekondari wilayani Karatu zimewahi kufungiwa kompyuta za jinsi hii kwa ajili ya usomaji wa namna hiyo. Mwanafunzi akija na swali lake wakati wa mapumziko ya saa 4 hatakiwi kutafuta mwalimu wa kumwandikia neno la siri. Hapo kujiingiza kunafaa, kwa sharti kwamba akaunti inayoingizwa haina uwezo. Tuliifungua akaunti msomaji, tukaacha kuipa ruhusa ya “sudo”.

Kuna mtego hapa. Menyu ya raspi-config huandika jina la mtu aliyeifungua. Kwa kuwa msomaji hana “sudo”, hawezi kuifungua, na mwalimu akiifungua, jina litakaloandikwa ni la mwalimu, yaani akaunti yenye nguvu zote. Baada ya menyu kumaliza kazi yake, ilitubidi kulifungua kwa mkono faili /etc/lightdm/lightdm.conf, ambalo huongoza kuingia katika skrini ya madirisha, na kusahihisha mstari mmoja usomeke hivi:

autologin-user=msomaji

Kwa kompyuta ambayo ndani yake mna alama za mitihani, anwani za wazazi au karo, ushauri wangu ni mfupi: isijiingize kamwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamdai mwenye kutunza taarifa za watu azilinde, na mlango usiouliza hauwezi kuitwa ulinzi. Ifahamike pia kwamba neno la siri la kuingilia halijapata kumzuia mtu mwenye mikono. Anayeweza kuichomoa kadi ya kumbukumbu aweza kuisoma katika kompyuta nyingine, labda kama yaliyomo yamefichwa kwa msimbo. Kisanduku chetu cha mvua kina kufuli la kawaida la dukani, nalo nalithamini kuliko neno la siri.

Jambo moja hutokea baada ya miezi michache, na lisipotarajiwa huleta fadhaa: mashine inayojiingiza humfanya kila mtu asahau neno lake la siri, maana hakuna anayeliandika. Siku ya kutaka kuingia kwa mtandao, au mwalimu aliyeifunga anapohamishiwa shule nyingine, hakuna anayelijua. Letu limo katika bahasha, ndani ya kabati la Mkuu wa Shule.

Baki moja ni saa. Raspberry Pi za matoleo ya kabla ya namba 5 hazina saa inayoendelea kwenda umeme ukiwa umekatika. Zikiamka huendelea pale zilipokumbuka mara ya mwisho, mpaka zitakapoipata saa sahihi kwa intaneti. Mahali ambapo intaneti nayo hukatika pamoja na umeme, mvua ya alfajiri itaandikwa kuwa ni ya usiku wa manane. Tulitia saa ndogo ya nje yenye betri, ya aina ya DS3231.

Jaribio la mwisho tulilifanya pamoja na Kidato cha Tatu. Faneli yetu ina eneo la sentimita za mraba 200, kwa hiyo milimita 0.2 ya mvua ni sentimita za ujazo 4 za maji. Tuliizima mashine kwa utaratibu, tukakata umeme ukutani, tukangoja robo saa, tukaurudisha. Hakuna aliyegusa kibodi. Dakika mbili baadaye yule mwanafunzi mwenye daftari alimimina taratibu katika faneli sentimita za ujazo 200 alizozipima kwa silinda ya maabara. Vindoo vilipaswa kuinama mara 50. Mashine iliandika 49, na tulipofungua kifuniko tulikuta maji ya hamsini yangali ndani ya kindoo, yakikaribia kujaa.